Umeme wa Duka na Ujira wa Dalali

Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka Leicester, Uingereza, ya ndugu yetu mmoja mzaliwa wa pwani hii, mwenye duka la nyama na vyakula huko. Jina lake hatulitaji, wala jina la kampuni anayoilalamikia, kwa kuwa shauri lenyewe halijakwisha. Walakini jambo aliloliuliza si lake peke yake. Katika nyumba nyingi zisomazo gazeti hili yuko mtoto, au ndugu, au mkwe, aliyefungua duka au mkahawa au kinyozi katika miji ya Uingereza, na hasara impatayo huko hujulikana huku upesi, katika karo na katika dawa za wazee. Kwa hiyo tumeona tumjibu mbele ya wasomaji wote.

Barua yatueleza hivi. Alilichukua duka hilo miaka miwili iliyopita. Aliyemtangulia aliondoka, taa zikabaki zawaka, friza za nyama zanguruma, naye akaingia kazini. Hakutia sahihi karatasi yoyote ya umeme. Ankara zilipokuja alizilipa, kama alivyomwona baba yake akilipa Mombasa, na hakujua kwamba peni 38 kwa kila yuniti ilikuwa bei kubwa, maana hakuwa na ya kuilinganisha nayo. Siku moja ya Ijumaa, watu wamejaa dukani, simu ikalia. Msemaji alijitambulisha upesi upesi kwamba yuatoka katika mambo ya umeme wa biashara, akamwambia, “Bwana, walipa kupita kiasi, nitakuteremshia hata peni 29.” Akamsomea maneno, akamuuliza maswali, na ndugu yetu akajibu ndiyo, ndiyo, huku mkono mmoja wapima nyama. Mazungumzo hayakuzidi dakika kumi. Alipoletewa karatasi aliona amejifunga kwa miaka mitatu. Miezi michache baadaye jirani yake, mwenye duka mfano wa lake katika njia ile ile, alimwambia kwamba yeye amepata yuniti kwa peni 25, kwa kuziuliza kampuni mwenyewe.

Sasa yuatuuliza: Je, aweza kutoka? Na je, ilimpasa kufanyaje?

Kabla ya kumlaumu, na tujitazame sisi wenyewe. Sisi tuliozaliwa pande hizi tumelelewa na shirika moja la umeme. Wa Unguja amelijua ZECO, wa Dar es Salaam TANESCO, wa Mombasa Kenya Power. Ukitaka stima huendi kuchagua muuzaji. Utamwendea huyo huyo, na bei yake ndiyo bei. Tena siku hizi wengi wetu twanunua LUKU au tokeni: twalipa kwanza, twaingiza nambari katika mita, na zikiisha twanunua nyingine. Hakuna mkataba wa miaka mitatu katika LUKU, wala hakuna mtu apigaye simu siku ya Ijumaa. Basi mtu wetu akifika Leicester huichukua ankara ya umeme kama achukuavyo mvua, jambo la kushukia tu. Haimpitikii moyoni kwamba ile ni bei ya sokoni, yenye wauzaji wanaoshindana, na madalali wanaozunguka katikati.

Katika Uingereza mashirika ya umeme ya majimbo yaliuzwa kwa watu binafsi mwaka 1990. Mwanzoni ruhusa ya kuchagua muuzaji ilikuwa ya viwanda vikubwa tu. Mwaka 1994 ikateremshwa kwa wenye matumizi ya kati. Na kufikia mwaka 1999 kila mwenye mita, hata mama mwenye chumba kimoja, aliweza kuhama. (Ireland ya Kaskazini ina soko lake mbali, na haya tusemayo si ya huko.) Lakini kilichogawanywa ni uuzaji, sio nyaya. Nyaya za mtaani ni mali ya kampuni ya eneo, na maeneo hayo ni 14 katika Uingereza, Wales na Uskoti. Muuzaji hununua umeme kwa jumla, hulipa ada ya kuupitisha katika nyaya hizo, huongeza kodi na faida yake, kisha akaletea ankara. Kwa hiyo mtu akihama hakuna waya ukatwao, wala fundi ajaye, wala friza izimikayo hata kwa dakika moja. Umeme ni ule ule. Libadilikalo ni jina lililo juu ya ankara na hesabu iliyo chini yake. Twalisema hili kwa kuwa tumewasikia watu wazima wakikataa kuhama kwa hofu ya nyama kuoza.

Nyumba za kuishi zina kinga: tangu Januari 2019 serikali imeweka kikomo cha bei kwa wenye nyumba. Duka halimo katika kinga hiyo. Mwenye duka hupewa bei kwa kadiri ya ujuzi wake wa kuuliza, na asiyeuliza hupewa ile ya asiyeuliza. Ndiyo iliyompata ndugu yetu katika mwaka wake wa kwanza. Aingiaye katika duka akautumia umeme bila ya kupatana na mtu, sheria humhesabu kuwa amekwisha ingia katika mkataba na kampuni iliyokuwamo, kwa kule kuwasha taa tu. Bei ya mkataba huo wa kudhaniwa kwa kawaida ni ghali sana. Lakini una wema mmoja ambao wachache waujua: mtu aweza kutoka humo siku yoyote, bila ya faini. Kwa mwaka mzima mlango wake ulikuwa wazi naye hakuambiwa.

Sasa hebu na tuipige hesabu yake, maana humo ndimo lilimo fumbo. Duka lake latumia yuniti 25,000 kwa mwaka. Kutoka peni 38 kushuka hata 29 ni peni 9, nazo kwa yuniti hizo ni pauni 2,250 kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa simu hakumwambia uongo kwamba atapunguziwa, alipunguziwa kweli. Hapo ndipo penye ugumu. Alilinganisha bei mpya na bei yake mbaya ya zamani, hakuilinganisha na bei ya soko la siku ile. Kati ya 29 na 25 ya jirani mna peni 4, yaani pauni 1,000 kwa mwaka, na 3,000 kwa miaka mitatu. Ndugu yetu asema angeliweza kuzitia katika friza mpya isiyokula umeme kama ile aliyoirithi.

Na katika zile peni 4, mbili ni za dalali. Twazijua kwa kuwa ametupelekea nakala ya karatasi yake, na humo, katika ukurasa wa pili, zimeandikwa. Hivi ndivyo madalali wengi wa umeme walipwavyo huko: hawakutozi kitu mkononi, hata husema huduma yao ni bure, bali ujira wao hutiwa ndani ya bei ya kila yuniti, nawe huulipa kidogo kidogo kila friza ingurumapo. Peni 2 ni neno dogo masikioni. Kwa yuniti 25,000 ni pauni 500 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 1,500, kwa mazungumzo ya dakika kumi. Tena hapo yadhihirika kwa nini alimhimiza miaka mitatu badala ya mmoja.

Hatusemi kwamba udalali ni haramu au ni wizi. Babu zetu waliuza karafuu na mbata kwa dalali, na dalali mwaminifu alikuwa mtu wa kuheshimiwa sokoni. Mwenye kiwanda chenye mita kumi huko Uingereza huenda asiweze bila ya mmoja. Lakini dalali wa mnada wetu alisimama hadharani, na muuzaji na mnunuzi wote walijua fungu lake ni lipi. Ubaya wa huyu wa simu ni kwamba mlipaji hajui hata kama yuamlipa. Serikali nayo iliuona ubaya huo. Tangu Oktoba 2022 kampuni yauzayo umeme kwa biashara ndogo yalazimika kuonyesha katika masharti makuu ya mkataba ni kiasi gani anachopata mtu wa kati, na mwaka 2024 sharti la kuonyesha likapanuliwa hata kwa biashara kubwa. Tangu Desemba 2022 dalali anayeshughulika na biashara ndogo hapana budi awe amejiandikisha katika chombo cha usuluhishi wa mashauri. Na biashara ndogo katika kanuni hizi ni ile isiyozidisha yuniti 100,000 za umeme kwa mwaka, au yenye wafanyakazi wasiotimu kumi na mapato au mali isiyozidi euro milioni mbili. Duka la ndugu yetu limo.

Turudi basi katika swali lake la kwanza. Je, aweza kutoka? Twasikitika kumwambia kwamba kwa desturi hawezi. Mwenye nyumba akinunua kitu kwa simu hupewa siku 14 za kujirudi. Mwenye biashara hana siku hizo kwa sheria. Ndiyo iliyosemwa kwa mdomo na kutiwa katika rikodi yamfunga sawasawa na sahihi ya wino. Wala asijaribu kuhama kwa nguvu, maana kampuni aliyonayo yaweza kuuzuia uhamisho kwa kuwa mkataba ungali hai, kadhalika yaweza kuuzuia kwa deni.

Lakini liko la kulifuata. Na aiandikie kampuni, kwa barua sio kwa simu, aitake rikodi ya mazungumzo yale, na karatasi ya masharti makuu kama alivyotumiwa, na tarehe aliyotumiwa. Aisikilize kwa utulivu, duka limefungwa. Je, msemaji alidai kuwa yeye ndiye kampuni hali ya kuwa ni dalali? Je, ujira ulitajwa kabla ya kusemwa ndiyo? Je, muda wa miaka mitatu ulitamkwa kwa kusikika? Akiona kasoro na alete malalamiko rasmi. Kampuni ikimjibu kwa kumkataa kabisa, au wiki nane zikipita bila ya suluhu, aweza kulipeleka shauri kwa Energy Ombudsman, na halipi kitu. Hatumwahidi ushindi. Twamwambia tu kwamba rikodi ile aliyofungwa nayo ndiyo hiyo hiyo iwezayo kumfungua.

Swali la pili ni refu zaidi, na twapenda vijana wetu wote wenye maduka walisome. Kila ankara ya umeme ya Uingereza ina kijisanduku chenye herufi S na safu mbili za nambari. Safu ya chini ina tarakimu 13, nazo ndizo jina halisi la mita yako katika soko. Kwazo kampuni yoyote yaweza kukupa bei. Basi mtu na achukue nambari hizo, na jumla ya yuniti alizotumia kwa miezi 12 (sio mwezi mmoja, maana Desemba si Julai), na tarehe ya mkataba wake kwisha, ambayo kwa biashara ndogo lazima iandikwe katika ankara yenyewe. Kwa vitu hivi vitatu aweza kuziuliza kampuni tatu au nne asubuhi moja, mwenyewe, bila ya dalali. Asimpe mtu asiyemjua nambari hizo katika simu. Na akitaka dalali, basi akisome kile kibali atakachotakiwa kukitia sahihi: viko vibali vimruhusuvyo dalali kuuliza bei tu, na viko vimruhusuvyo kumfungia mkataba mwenyewe hayupo.

Bei zikija, asiitazame yuniti peke yake. Kila kampuni ina bei ya yuniti na ada ya kila siku, ilipwayo hata duka likifungwa. Tuchukue mfano tuliouweka sisi. Kampuni moja yataka peni 25 kwa yuniti na peni 60 kwa siku. Ya pili yataka peni 23 na nusu kwa yuniti, lakini pauni mbili na nusu kwa siku. Wengi wataikimbilia ya pili. Kwa yuniti 25,000, ya kwanza ni pauni 6,250 na ada 219, jumla 6,469. Ya pili ni pauni 5,875 na ada 912.50, jumla 6,787.50. Ile “rahisi” imezidi kwa pauni 318.50! Lakini mkahawa utumiao yuniti 60,000 wangepata kinyume chake: huko ya pili yashinda kwa pauni 206.50. Kwa hiyo hakuna bei njema kwa kila mtu, na jirani aweza kukusifia kampuni kwa ukweli wote nawe ukaingia hasarani.

Kuhusu muda wa mkataba, watu hutuuliza kama mrefu ni bora. Waliojifunga katika miezi ya mwisho ya mwaka 2022, bei zilipopanda kwa vita vya Ukraine, walijifunga juu kabisa, na msaada wa serikali kwa biashara ulipokwisha Machi 2024 wengine walibaki na bei hizo hali soko limekwisha shuka. Waliojifunga miaka mitatu mwaka 2020 walilala usingizi. Nani aliyejua? Twaona mwaka mmoja au miwili yamfaa mwenye duka mdogo, ila kama aipata bei ambayo ameipima na ameridhika nayo hata soko likishuka. Kampuni nayo haina budi kutazamwa. Tangu katikati ya mwaka 2021 zaidi ya ishirini zilianguka kwa muda mfupi. Taa hazikuzimika, kwa kuwa Ofgem, baraza lisimamialo biashara hii, liliwahamishia wateja kwa kampuni nyingine. Lakini mwenye biashara akihamishwa hivyo, bei yake ya mkataba hufa pamoja na kampuni. Tena akiba aliyoilipa mbele haina hifadhi kama ile ya mwenye nyumba. Asiache fedha zimelala huko.

Karibu siku 60 kabla ya mwisho wa mkataba, kampuni humwandikia mwenye biashara ndogo kumwambia bei yake mpya. Barua hiyo haifanani na jambo kubwa, na wengi huitia katika droo. Akinyamaza, ataingia katika bei ya waliomaliza mkataba, nayo ni ndugu wa ile ya peni 38. Siku hizi haimlazimu tena kupeleka ilani ya kuondoka. Yamtosha kufunga mkataba mpya kwingine ili uanze siku ule wa zamani uishapo. Siku hiyo aipige picha mita, nambari zisomeke. Zikitokea ankara mbili zigombaniazo yuniti zile zile, picha ndiyo shahidi. Akihama akiwa mgeni katika biashara, asishangae akiombwa amana, hawamjui bado.

Mwishoni mwa barua yake ndugu yetu alitaja, kama mtu aongezaye neno mlangoni, kwamba yumo katika kamati ya msikiti wa mtaa wao, nao umeme wa msikiti umewalemea. Tulimwandikia upesi kumuuliza jambo moja: Je, katika ankara ya msikiti kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia ngapi? Akajibu, 20. Hapo tulisimama. Biashara hulipa 20, lakini taasisi ya hisani, kwa umeme iutumiao katika kazi isiyo ya biashara, hulipa 5, tena haitozwi ile kodi ya mazingira iliyoanzishwa mwaka 2001. Kampuni haibashiri kwamba jengo ni msikiti. Ni lazima iandikiwe hati ya kuthibitisha. Msikiti utumiao umeme wa pauni 10,000 kwa mwaka hulipa kodi 2,000 mahali pa 500, na kwa kuwa kwa kawaida hauna njia ya kuirudisha kodi hiyo kama duka, pauni 1,500 zimetoka katika sanduku la waumini bila ya sababu. Zilizokwisha lipwa huweza kudaiwa kwa muda usiozidi miaka minne nyuma. Ikiwa sehemu ya jengo ni ya biashara, mfano ukumbi ukodishwao kwa harusi, au madrasa itozayo ada, basi na ipigwe hesabu: asilimia 60 au zaidi ikiwa ni ya ibada na hisani, jengo zima huhesabiwa hivyo. Maduka madogo nayo yana fungu katika kanuni hii: yeyote asiyezidisha yuniti 33 kwa siku, kama fundi cherehani au ofisi ya meza mbili, kodi yake ni 5. Ndugu yetu kwa friza zake yuko mbali na hapo, yapata 68.

Barua yake ya pili imetufikia tukiwa tunaandika haya. Hati ya msikiti imekwisha pelekwa. Rikodi nayo imemfikia, akaisikiliza na mkewe usiku. Asema ujira haukutajwa hata mara moja, na jina la kampuni ya dalali lilitamkwa mwanzoni, mara moja tu, mbio mbio. Malalamiko ameyapeleka kwa barua, na juu ya kalenda iliyotundikwa nyuma ya mizani ameizungushia duara siku ya wiki ya nane.